Chokaa ya Lubutu

Tofali langu la tano lilivunjika siku ya Jumanne, kabla hata mashine haijaanza kulibana. Mwalimu Okito alikuwa amelishika tu ili aliweke katikati. Kona moja ikabaki mkononi mwake. Akaitazama, akainusa, kisha akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimekuja kutetea kazi ya kemia au kuuza mikate.

Wenzangu walicheka. Mimi nilizoa vumbi langu, nikalitia katika mfuko na kuandika juu yake: namba tano, haikupimika.

Kazi yangu ya kumaliza masomo ilikuwa kutengeneza simenti bila simenti. Hapa Kindu, mashariki ya Kongo, hatuna kiwanda. Kila mfuko unaotufikia umepanda magari na mitumbwi mingi, na ukifika bei yake inamfanya fundi aongee peke yake barabarani. Lakini mpunga tunao. Nyuma ya kila mashine ya kukoboa kuna kilima cha makapi ambacho hakuna anayekitaka, hata mbuzi hawakitaki. Vitabu vinasema makapi yakichomwa vizuri, majivu yake huwa na kitu kilekile kilichomo katika mchanga na kioo, na ukiyachanganya na chokaa na maji, vitu viwili hivyo huumana na kuwa jiwe. Nilikipenda sana kitenzi hicho, kuumana. Nilikiandika katika ukurasa wa kwanza. Tatizo ni kwamba vyangu havikuumana. Vilikaa pamoja kama wakwe waliokutana msibani, kila mmoja akitazama upande wake.

Ili kazi ipokelewe, tofali lilitakiwa kubeba kilo hamsini kwa kila sentimita ya mraba. Langu lililojitahidi kuliko yote lilibeba tisa. Kipindi cha kwanza cha utetezi nilikuwa nimeshaanguka. Kipindi cha pili kilikuwa baada ya wiki nane, na kipindi cha tatu hakipo. Anayeanguka katika cha pili hurudi nyumbani na miaka mitano kichwani na mikono mitupu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na simenti hiyohiyo, na ilikuwa ngumu kama dhambi.

Kwetu ni Alunguli, ng'ambo ya mto. Nyuma ya nyumba kuna birika la maji ya mvua lililojengwa mwaka wa elfu mbili na mbili, mji ulipokuwa umezingirwa na kwenda mtoni kuteka maji kulikuwa kucheza kamari na risasi. Wanawake wawili ndio walilijenga: nyanya yangu, Nyanya Nuru, na jirani yake, Mama Adolphine, Mlega wa Pangi, ambaye mume wake alikuwa amefungiwa na vita kwenye machimbo ya dhahabu huko Kama. Walichukua matofali ya ukuta ulioanguka, wakayapanga, wakayapaka ndani lipu ya majivu na chokaa. Tangu siku ile birika halijavuja hata tone. Mabirika ya simenti ya dukani yaliyojengwa miaka kumi baadaye yana nyufa za kupitisha panya. Wageni wakija, Nyanya huligonga letu kwa pete yake ili walisikie likilia.

Jioni ya Jumanne ile niliketi karibu naye na daftari, nikamwomba anieleze tena, hatua kwa hatua, bila sifa.

Kuhusu majivu, alieleza kwa furaha. Mashine ya kukoboa mpunga ya mtaani ilikuwa imekufa kwa kukosa mafuta, lakini kilima chake cha makapi kilibaki. Waliyachoma kidogokidogo katika pipa, alfajiri tu, ukungu wa mto ukiwa bado umelala juu ya nyumba na kuuficha moshi. Mwali ulikuwa hauruhusiwi. Ukitokeza ulimi, Mama Adolphine alikuwa anausindilia udongo wenye unyevu. Ukungu ukinyanyuka, pipa linafunikwa hadi kesho.

"Ile haikukuwa moto ya kupika," alisema. "Ilikuwa moto ya woga, mutoto yangu. Kama askari anaona mwangaza, anajua kuna muntu, na kama kuna muntu, kuna kitu ya kunyang'anya."

Kalamu yangu ilisimama. Mimi nilikuwa nachoma makapi yangu kwa moto mkubwa wa kujivunia, mpaka majivu yanakuwa meupe kama unga, nikidhani weupe ni usafi. Kumbe moto mkali huyaua. Hugeuza kile kitu cha ndani kuwa mchanga wa kawaida, usioumana na yeyote. Moto wa woga ulikuwa umewapa joto ambalo maabara nzima inalitafuta kwa kipimo.

"Na chokaa?" niliuliza.

"Chokaa ilitoka Lubutu," alijibu Nyanya, akainuka kwenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa jikoni.

Nilichoma makapi upya, kwa woga. Majivu yalitoka ya kijivu kama manyoya ya njiwa. Nikayachanganya na chokaa ya sokoni, nikaunda matofali mapya. Baada ya wiki moja nililipima moja: kilo kumi na nne. Afadhali, ila bado ni mkate, sasa wa jana. Mwalimu Okito aliichukua chokaa yangu, akaitia asidi ikatoa povu jingi, akaniambia kwamba chokaa hiyo imelala. Ilikaa dukani miaka, ikavuta hewa ndani ya gunia, ikarudi kuwa jiwe la unga, haina tena hamu ya kuumana. Akasema nitafute chokaa mbichi, kama ile ya nyanya yangu. Ilitoka wapi?

Lubutu, nikamjibu, na nilipolitaja jina hilo kwa sauti nikasikia jinsi jibu lilivyo jepesi. Lubutu iko mbali kaskazini, siku nyingi za msitu, na mwaka wa elfu mbili na mbili hakuna hata barua iliyokuja kutoka huko. Mzee wa mtaani aliwahi kunisimulia kwamba barabara ile ilikuwa imefungwa hata kwa nyoka.

Nilirudi kwa Nyanya. Akasema basi labda ilikuja kwa mashua kutoka Kisangani. Nikamkumbusha kwamba mto wenyewe ulikuwa na vita, na una maporomoko. Akasema kulikuwa na mtu mmoja mwenye baiskeli. Nikauliza jina lake. Akasema ni marehemu, na si vizuri kuwataja marehemu mchana. Baba yake Nyanya alikuwa fundi wa chokaa, mtu wa ukoo wa wangwana wa zamani, Waislamu waliokuja na misafara ya pwani, na mwanamke huyu anaweza kukuambia mwaka ambao kila nyumba nyeupe ya mtaa ule ilipakwa. Leo hakumbuki mwenye baiskeli.

Ijumaa, alipokwenda msikitini, niliingia ndani ya birika na patasi, nikabandua kipande cha lipu kisichozidi ukucha wa dole gumba. Nikavuka nacho mto nikikifumbata. Maabarani nikakiweka chini ya kioo cha kukuza. Katikati ya kijivu kulikuwa na kijiti cheupe ambacho moto haukukimaliza, kimejizungusha mara mbili na nusu, kizuri kama hereni.

Ni ganda la konokono.

Hapa inabidi nieleze kitu kuhusu nyanya yangu. Nyanya Nuru ndiye anayewafundisha wanawake wa mtaa kusoma Kurani siku za Jumatano. Chakula chake ni safi kiasi kwamba samaki akiwa na sura asiyoielewa, humrudisha. Na katika ulimwengu mzima hakuna kitu alichokisema vibaya kama konokono wa Mama Adolphine. Walega hula konokono, tena kwa heshima zote, na kila mvua ikinyesha Mama Adolphine huzunguka nyuma ya migomba yake na ndoo. Nyanya humsubiri kwenye ua.

"Adolphine, funga mulango, chakula yako inatoroka."

"Haiwezi kufika mbali, Mama Nuru," hujibu Mama Adolphine, bila kuinua kichwa.

Miaka yote niliyokaa duniani nimeyasikia maneno hayo. Na kumbe miaka hiyo yote tumekunywa maji kutoka ndani ya konokono.

Nilikwenda kwa Mama Adolphine na kile kipande mkononi. Alikigeuza kwa kidole. Akaniuliza Nyanya aliniambia chokaa ilitoka wapi. Nilipomjibu, alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Konokono ya Lubutu," alisema akijipangusa machozi, "ingekuwa iko njiani hata leo."

Kisha akaacha kucheka. Alinieleza kwamba baba wa Nyanya alikuwa amemfundisha binti yake kwamba watu wa pwani walichoma mawe ya baharini kupata chokaa, na kwamba ganda lolote ni jiwe lenye bahati ya kuwa na mwenyewe. Maganda yalikuwa yamejaa nyuma ya jiko lake yeye Adolphine. Waliyachoma ndani ya jiko, chini ya paa, kwa vifuu vya mawese vyenye moto mkali usio na mwali mrefu, mmoja akipuliza kwa mfuko wa ngozi. Wakayazima kwa maji siku ileile na kupaka siku ileile. Hapo ndipo palikuwa na siri: siku ileile.

Nikamuuliza nani alikula konokono wote hao.

"Mie," alijibu upesi mno. "Andika mie na batoto yangu babili. Mama Nuru alikuwa anakuja kuchukua maganda tu."

Nilimtazama. Alikuwa ameanza kuchagua mboga ambayo ilikuwa imeshachaguliwa.

Niliandika kama alivyosema. Nilikusanya maganda jikoni kwake na kwa wakula konokono wengine sita, gunia zima, nikayachoma kwa vifuu, nikazima, nikachanganya, nikaunda, yote kati ya swala ya alfajiri na chakula cha mchana, kisha nikayafunika matofali kwa magunia mabichi siku ishirini na nane kama wagonjwa wa homa. Nyanya aliuliza ninachopika. Nikamwambia ni maganda ya Mama Adolphine, na kwamba nimeandika hivyo, kwamba konokono wa birika aliwala yeye na watoto wake.

"Vizuri," alisema Nyanya, na mabega yake yakashuka. "Wao njo wanakula."

Siku ya kupima, mashine ilibana hadi hamsini na tofali likanyamaza. Lilipasuka penye hamsini na sita, kwa sauti. Mwalimu Okito alizunguka meza mara mbili, kisha akaniambia kwamba sasa nina tofali, na kilichobaki ni kumshawishi Profesa Ferdinand.

Profesa Ferdinand alikuwa mgeni kutoka Kisangani, mwembamba, mwenye sifa ya kuwaangusha watu kwa hesabu za shule ya msingi. Siku ya utetezi alikaa katikati ya jopo na kalamu tatu. Ukumbi ulijaa. Nyanya alikuwa amevaa kitenge chake cha Idi na mtandio mweupe, yuko safu ya mbele pamoja na mjomba wangu Soudi, mwalimu wa chuo cha Kurani. Mama Adolphine alikaa nyuma yao, na rozari mkobani endapo ingehitajika.

Nilieleza moto wa woga, na watu wakaguna kwa kukumbuka. Nilionyesha tofali. Nilionyesha pia jinsi nilivyokichambua kipande cha lipu ya birika ili kujua chokaa iliyomo, na kwa kuwa ukubwa wa birika najua, chokaa yote ni kilo hamsini na sita. Nilidhani nimemaliza vizuri.

Profesa Ferdinand aliondoa kifuniko cha kalamu ya kwanza.

Kilo mia moja za maganda, alisema, hutoa kilo hamsini na sita za chokaa. Hilo ni sawa. Ganda moja la konokono mkubwa ni gramu ishirini na tano. Kwa hiyo ni konokono wangapi? Nikamjibu elfu nne. Na walikusanywa kwa muda gani? Miezi saba ya kuzingirwa. Akaandika ubaoni, akagawanya, akapiga mstari chini: konokono kumi na tisa kila siku. Kisha akafungua ukurasa wangu wa thelathini na moja, akasoma kwa sauti kwamba konokono hao waliliwa na mwanamke mmoja na watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miwili.

"Huyo mama yupo?" aliuliza.

Mama Adolphine akasimama. Akasema ni yeye, na kwamba alikuwa na njaa sana.

Ukumbi ulicheka. Profesa hakucheka. Alimuuliza kwa adabu kama anathibitisha kuwa alikula karibu kilo mbili za nyama kila siku, bila kukosa, katika mji ambao watu walikuwa wanachemsha majani. Mama Adolphine akasema siku za Jumapili alikuwa anapunguza. Akaulizwa kwa nini basi hakunenepa. Akasema alinenepa, ila vita vilikuwa vinampunguza.

Profesa alirudi kwangu, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Binti, namba zako mbili zinagombana. Ama kemia yako imekosea, ama historia yako imekosea. Kama ni kemia, hujui ulichokipima. Kama ni historia, umeandika jambo ambalo hujalihakikisha. Kwa njia zote mbili mimi siwezi kutia saini."

Nilimtazama Mwalimu Okito. Alikuwa anatazama tofali. Nilijua jibu, au nililihisi tangu siku ya mboga iliyochaguliwa mara mbili. Lakini jibu lile halikuwa langu kulitoa. Lilikuwa limekaa safu ya mbele na mtandio mweupe. Nikafunga daftari na kuiona miaka yangu mitano ikivuka mto bila mimi.

Mama Adolphine alikuwa bado amesimama. "Andikeni tena," alisema, "labda kulikuwa na mbwa."

Ndipo Nyanya aliposimama. Alijishika kwenye bega la Mjomba Soudi, akarekebisha mtandio, kama anavyofanya Jumatano kabla ya kumsahihisha mtu herufi.

"Bwana Profesa, usimuharibie mutoto diploma yake. Ule mama anasema uongo kwa ajili ya heshima yangu. Mbwa haikukuwa. Tulikuwa bantu kumi na moja. Banane ya kwangu, batatu ya kwake. Sahani moja. Na mie njo nilikuwa nagawanya."

Hakuna aliyecheka. Mjomba Soudi alifumba macho. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na minne wakati wa vita, na nadhani alikuwa anakumbuka sehemu yake.

Profesa Ferdinand aligeukia ubao. Kumi na tisa gawanya kwa kumi na moja. Moja nukta saba, akaandika. Moja nukta saba kwa kila mtu kwa siku. Aliitazama namba ile kama mtu anayetazama mtoto aliyezaliwa salama.

"Hiyo inawezekana," alisema. "Hiyo ni njaa ya kweli." Kisha, kwa kuwa mtaalamu ni mtaalamu, akamuuliza Nyanya kama waliyachemsha maganda pamoja na nyama, maana uchafu unaobaki ndani hubadili chokaa.

Kumbe alikuwa amefungua mlango uliofungwa miaka ishirini na zaidi. Nyanya alieleza jinsi ya kuwatoa konokono kwa ncha ya spoki ya baiskeli, jinsi ya kuondoa utelezi kwa majivu na ndimu, kwa nini ganda lazima likauke juu ya bati siku tatu, na kwa nini Adolphine alikuwa anakosea, anakausha mbili. Mama Adolphine alipinga kutoka nyuma. Wakabishana mbele ya jopo kwa robo saa, na Profesa akaandika kwa kalamu zote tatu. Alipotaka kujua kama vifuu vya mawese vinatosha bila mkaa, walimjibu kwa pamoja.

Walinipitisha kwa heshima kubwa, kwa sharti moja: ukurasa wa thelathini na moja usahihishwe, na walaji wote waorodheshwe kwa majina, kwa kuwa chanzo cha malighafi ni sehemu ya kazi.

Nje, watu walikuja kunipa mkono. Nyanya alisimama pembeni, mdogo kuliko kawaida yake, akimsubiri Mjomba Soudi aseme. Mjomba alikuwa na kazi ngumu, ya kumhukumu mama yake mzazi.

"Dharura ni dharura, mama," alisema mwishoni. "Muntu wa kufa na njaa, Mungu hamuulizi sahani. Lakini ile masengenyo yote ya kwenye ua, ile haikukuwa dharura."

Nyanya akamgeukia Mama Adolphine. Alianza mara mbili, mara ya tatu maneno yakatoka. Alisema kwamba amemsema vibaya kwa miaka ishirini na tatu.

"Ishirini na mbili," alisema Mama Adolphine. "Ule mwaka wa vita ulinyamaza. Mudomo ilikuwa na kazi."

Walishikana mikono na kucheka hadi wapita njia wakasimama. Tukavuka mto pamoja, na kabla mtumbwi haujafika katikati nilitoa daftari, maana masahihisho yalitakiwa kesho asubuhi. Nikauliza majina. Mama Adolphine alitoa yake matatu. Nyanya akaanza yake: yeye, mama yangu, baba yangu, Soudi, shangazi Sifa, marehemu mama mkwe wake, na mgeni mmoja, Fadhili, aliyekuja kulala siku mbili, vita vikamshika akakaa miezi saba. Nikahesabu. Kumi.

"Wa kumi na moja ni nani?" niliuliza.

"Andika Mounira."

Nilimwambia kwamba Mounira ni mimi, na kwamba wakati ule nilikuwa na mwaka mmoja, sina hata meno ya kutosha.

"Nyama hukukula," Nyanya alikubali. "Lakini mchuzi, hakuna aliyekunyang'anya sahani. Ulikuwa unalia kama tukichelewa kukupa."

"Njo ulikuwa wa kwanza kumaliza," akaongeza Mama Adolphine.

Nikaandika jina langu katika jedwali la malighafi, chini ya Fadhili. Kwenye safu ya idadi kwa siku niliacha nafasi, kwa sababu walikuwa wameanza kubishana kama mchuzi wa konokono wawili unahesabiwa kuwa mmoja au nusu, na hawajakubaliana mpaka leo.